Tulinunua Nyumba ya Enzi za Malkia Victoria Kando ya Bahari: Gharama, Makosa na Chokaa

Tangazo lilikuwa na mistari michache na picha kumi na tisa. Lilieleza nyumba pana ya familia ya enzi za Malkia Victoria, yenye vyumba sita vya kulala, orofa tatu na vyumba vya chini vilivyozama nusu ardhini, umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka bandarini Ramsgate, mji ulio katika jimbo la Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Mimi nimezaliwa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, na kwa miaka 17 nimefanya kazi ya uuguzi London. Wakati huo tulikuwa watu sita katika fleti ya vyumba viwili, mvulana wetu mkubwa akilala sebuleni na vitabu vyake vikikaa chini ya meza ya kulia. Niliposoma neno "bahari", moyo wangu ulikuwa umekwisha kununua, na kilichobaki kilikuwa kutafuta pesa na sababu za kumpa mume wangu.

Sababu niliyompa ilikuwa Mama. Nilisema chumba cha orofa ya kwanza, kile chenye madirisha matatu yaliyochomoza nje kuelekea maji, kitakuwa chake. Sikusema, na labda sikutaka kujikumbusha, kwamba viza ya kutembelea Uingereza humruhusu mgeni kukaa miezi sita tu, na kwamba tangu mwaka 2012 masharti ya kumleta mzazi aishi nawe moja kwa moja yamekuwa magumu mno, kiasi kwamba ni wachache wanaoyaweza. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na lilitendeka kabla hatujapanda treni: tulichagua ukubwa wa nyumba kwa kumhesabu mtu ambaye sheria haikumpa nafasi ya kuishi humo. Anayetafuta nyumba ahesabu kwanza watakaolala ndani yake mwezi wa Januari, si watakaokuja kutembea.

Tuliitazama mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa Julai 2023, jua limewaka, bahari imetulia kama maji ya birika. Madirisha yote yalikuwa wazi, nami nikadhani ni ukarimu. Dalali alikuwa kijana mwenye adabu, akatueleza habari nyingi za kweli: kwamba reli ilifika mjini mwaka 1846 na kuwaleta watu wa London waliotaka hewa ya bahari, kwamba mbunifu Augustus Pugin, aliyechora mapambo ya ndani ya Bunge la Uingereza, alijijengea nyumba kwenye jabali la magharibi katika miaka ya 1840, na kwamba bandari ya hapo ndiyo pekee nchini inayoitwa ya kifalme, kwa heshima aliyoipa Mfalme George IV mwaka 1821. Yote hayo ni sahihi na hakuna hata moja lililotuhusu. Dalali wa Uingereza hulipwa na muuzaji, na mazungumzo yake mazuri ni sehemu ya kazi hiyo. Jambo ambalo lingetufaa ni kwamba nyumba ilikuwa imefungwa kwa zaidi ya miaka miwili, na hilo tulilisikia kwa jirani aliyekuwa akimwagilia maua.

Kama ningerudi nyuma, ningekwenda siku moja baada ya mvua ya usiku kucha, na tochi mkononi. Ningesimama barabarani kwanza nitazame mifereji ya paa na mabomba yanayoshuka nayo, nione kama ukuta chini yake una alama ya kijani. Ningefungua kabati lililo chini ya ngazi na kunusa, kwa sababu chumba kinaweza kupakwa rangi na kupigwa upepo, lakini kabati la chini ya ngazi hakuna anayelikumbuka. Ningeuliza kwa nini ukuta mmoja wa chumba cha kulia ulikuwa na rangi mpya na mingine mitatu ya zamani. Nilikiona kitu hicho, nikakisifu.

Bei iliyotakiwa ilikuwa pauni 450,000, tukakubaliana pauni 430,000. Msomaji aliyezoea kununua kwetu ajue kwamba katika Uingereza na Wales makubaliano hayo ya mdomo hayamfungi mtu yeyote. Muuzaji anaweza kupokea bei kubwa zaidi wiki ya nane, wewe nawe unaweza kujitoa, na hakuna wa kumshtaki mwenzake mpaka mawakili wabadilishane mikataba. Siku hiyo ndipo unapotoa arubuni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, na ukirudi nyuma unaipoteza. Yetu ilikuwa pauni 43,000, karibu kila kitu tulichopata kwa kuuza fleti. Kati ya Agosti na Novemba tulilipa wakili na mkaguzi huku tukijua kwamba nyumba inaweza kutuponyoka, na katika wiki hizo nililala vibaya kuliko nilivyolala wakati wa zamu za usiku.

Kuhusu fedha zilizobaki, tulitafuta taasisi isiyotoza riba. Mpango wenyewe huwa hivi: taasisi hununua nyumba pamoja nawe, wewe unalipa kodi ya pango kwa sehemu yake na kuinunua kidogo kidogo mpaka iishe, na tangu mwaka 2003 sheria imeondoa ushuru wa kununua uliokuwa ukitozwa mara mbili katika miamala ya namna hiyo. Nilifurahi sana, kisha nikasoma maandishi madogo. Kodi hiyo ya pango mara nyingi hufuata kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Uingereza, na mwezi huohuo wa Agosti 2023 kiwango kilikuwa kimepandishwa hadi asilimia 5.25. Dhamiri ilitulia, mfuko haukutulia. Ushuru wa kununua, kwa viwango vya wakati ule, ulikuwa asilimia 5 ya kiasi kilichozidi pauni 250,000, yaani pauni 9,000. Viwango vilibadilika Aprili 2025, na anayenunua sasa bei kama hiyo hulipa zaidi.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo bado linanichoma. Taasisi ilipotuma mtu wake kuithamini nyumba, mume wangu alidhani nyumba imekaguliwa. Haikukaguliwa. Mthamini anatazama kama nyumba inatosha kuwa dhamana ya pesa za mwenye pesa, na alikaa humo dakika ishirini na tano. Ukaguzi ni wako wewe na unaulipia mwenyewe, nao una ngazi tatu. Ya tatu ndiyo ya kina, inayofaa nyumba za zamani, zilizobadilishwa au zilizochakaa. Ya pili ni ya nyumba za kawaida zilizo katika hali nzuri. Tuliulizia bei, tukaambiwa pauni 1,250 kwa ya tatu na 620 kwa ya pili, nasi, tuliokuwa tukinunua nyumba ya zaidi ya miaka 150 iliyokaa tupu, tukachukua ya pili ili kuokoa pauni 630. Ripoti ilikuja na sentensi moja iliyotaka kutuokoa: kulikuwa na dalili za unyevu katika ukuta wa ubavuni, na mnunuzi alishauriwa kutafuta mtaalamu.

Tukamtafuta mtaalamu kwa namna rahisi kuliko zote. Tuliita kampuni inayotangaza ukaguzi wa bure wa unyevu, ambayo pia ndiyo inayouza tiba. Kijana wao aligusisha kifaa chenye meno mawili ukutani, kikalia, akaandika kwamba maji yanapanda kutoka ardhini na kwamba ukuta unahitaji kutobolewa, kudungwa dawa na kupigwa lipu mpya ya saruji, kwa pauni 6,200. Baadaye nilielezwa kwamba kifaa hicho hupima jinsi umeme unavyopita, na kwamba chumvi huupitisha umeme vizuri, hivyo ukuta wa mjini kando ya bahari unaweza kukiliza hata pale usipolowa kiasi hicho. Mpimaji wa unyevu asiye na dawa ya kuuza hugharimu mia chache za pauni. Ushauri wake ungetufaa hata kabla ya kutia saini, kwani angetupa hoja ya kushusha bei.

Wakili wetu, kwa upande wake, alikuwa mwangalifu, na kila barua yake iliyonichosha ilikuwa na faida. Aligundua kwamba katika miaka ya 1970 nyumba iligawanywa kuwa fleti tatu, kama zilivyofanywa nyumba nyingi za miji hii baada ya Waingereza kuanza kupanda ndege za bei nafuu kwenda Uhispania na nyumba za wageni kukosa wateja, kisha ikaunganishwa tena bila cheti cha ujenzi kwa ukuta mmoja uliobomolewa. Alidai karatasi, akakosa, akapata bima ya kufidia hasara iwapo halmashauri itachukua hatua. Bima hiyo, alituonya, hailipi ukuta ukianguka, basi tukamlipa mhandisi pauni 380 kuitazama boriti ya chuma iliyobeba dari. Alitueleza pia kwamba nyumba iko katika eneo la hifadhi, yaani mtaa ambao sura yake ya kale inalindwa na sheria: kukata mti kunahitaji kuiarifu halmashauri wiki sita kabla, na kuna mitaa ambako hata kubadilisha madirisha kunaombewa kibali. Nilipomuuliza kama mtu akijenga mbele yetu na kuziba bahari tunaweza kumzuia, alijibu kwa upole kwamba sheria ya Uingereza haimpi mtu haki ya mandhari. Sehemu kubwa ya bei tuliyolipa ilikuwa ya kitu ambacho hakimo katika hati.

Tulikabidhiwa funguo tarehe za mwanzo za Desemba 2023. Jambo moja la haraka: bima ya jengo huanza siku ya kubadilishana mikataba, si siku ya kuhamia, na bima nyingi za kawaida hupunguza ulinzi nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30 au 60. Sisi tuliwaza hayo usiku wa kuamkia siku yenyewe, na mume wangu aliinunua bima kwenye simu akiwa ndani ya basi.

Januari ilitufundisha upepo wa kaskazini-mashariki. Madirisha ya nyumba za wakati huo huwa ni vioo viwili vinavyopishana kwenda juu na chini, vikibebwa na kamba, kapi na vipande vizito vya chuma vilivyofichwa ndani ya fremu. Yetu tisa yalikuwa yakitetemeka usiku kama meno ya mtu mwenye homa. Dohani tano zilivuta joto lote juu. Bili ya gesi ya mwezi huo ilikuwa pauni 412, nasi tukiishi katika vyumba vitatu tu na kuacha vingine vimefungwa. Nyumba pana ikageuka fleti yetu ya London yenye ngazi nyingi. Binti yangu mdogo aliuliza kama tunaweza kurudi. Nilimkaripia, kisha nikaingia jikoni nikalia, kwa sababu nami nilikuwa nimeuliza hivyo hivyo moyoni tangu asubuhi.

Mume wangu, akitafuta upepo unakopita, aliona kwamba chini ya kuta za nje kuna matofali yenye matundu, akayaziba yote kwa povu la dukani. Nyumba ikapata joto kidogo na sote tukamsifu. Kufikia Machi mbao za sakafu ya chumba cha kulia zilianza kunesa, na harufu ya kabati la ngazi ikafika sebuleni. Kampuni ya dawa ilikwisha kufanya kazi yake mwishoni mwa Januari, na ukuta mpya wa saruji ulikuwa mkavu usoni huku maji yakiwa yamehamia juu yake, nusu mita kutoka chini, na kuchora ramani ya rangi ya chai.

Mama alifika Aprili. Ninahitaji kueleza kwamba babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa chokaa, na Mama alikulia katika vumbi la matumbawe yaliyochomwa, akijua tangu utoto kwamba chokaa hulazwa muda mrefu kabla ya kutumika. Alikaa siku mbili bila kusema neno juu ya nyumba, akisifu bahari na kulalamikia chai. Siku ya tatu alitoka nje na koti langu, akaupiga ukuta wa ubavuni kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio.

"Mwanangu, hii ni nyumba ya chokaa," akasema. "Nani aliyeivika simiti?"

Nilimjibu kwamba hii ni Uingereza, Mama, nyumba za matofali si kama za Kibokoni. Akanitazama kwa huruma, akachokonoa mshono wa matofali pale ambapo saruji ilikuwa imebanduka, akanionyesha unga mweupe kwenye ncha ya ufunguo. Nilikuwa nimeishi miezi minne juu ya majabali meupe ya chaki, mawe yaleyale ambayo watu wa huku walikuwa wakiyachoma kupata chokaa kama Babu alivyochoma matumbawe, na sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili.

Fundi wa Kiingereza tuliyempata baadaye, mzee mwenye mikono kama ya Babu, alisema yaleyale kwa maneno mengi zaidi. Ukuta wa nyumba kama yetu ni matofali peke yake, unene wa inchi 9, bila nafasi ya hewa katikati. Hunywa mvua, kisha huyatoa maji kupitia chokaa ya mishono na lipu upepo ukivuma. Zamani moto wa kila chumba ulisaidia kukausha kwa ndani, na matofali yenye matundu yalipitisha hewa chini ya mbao za sakafu ili zisioze. Mtu aliyepaka saruji nje, pengine katika miaka ileile ya fleti tatu, aliyafungia maji ndani. Sisi tukaongeza saruji kwa ndani, tukaziba matundu, tukakamilisha kazi. Na chanzo cha maji yote hayo hakikuwa ardhi. Kilikuwa mlizamu wa paa ulioziba kwa kiota cha shakwe, uliokuwa ukimwaga mvua ya nusu ya paa juu ya ukuta huo mmoja.

Kiota chenyewe kilikuwa na mayai. Shakwe wanalindwa na sheria ya mwaka 1981, na kiota kinachotumika hakiondolewi bila kibali, kwa hiyo tulifunga bomba la muda pembeni tukasubiri makinda yaruke. Hilo lilichukua mpaka Agosti. Kwa upande mwingine, kazi ya chokaa haifanywi wakati wa baridi kali, kwa sababu barafu huivunja kabla haijashika, na majira yake yanakwisha mapema. Anayenunua nyumba ya namna hii wakati wa baridi apange mafundi wake kabla ya masika. Wale wazuri wana foleni ya miezi.

Gharama nitazisema kama zilivyo. Jukwaa la kupandia, pauni 2,700. Kubandua saruji ndani na nje na kupiga chokaa upya, pauni 13,900. Mbao za sakafu, pauni 1,850. Kufunga upya kamba za madirisha tisa na kuziba mianya yake, pauni 4,100, na hapa nawasihi watu wasikimbilie madirisha ya plastiki: mbao za zamani zile ni ngumu, na zetu, chini ya rangi ya miaka mingi, zilikuwa nzima isipokuwa vizingiti viwili. Ongeza zile pauni 6,200 za dawa zilizokwenda bure.

Kuna fedha nyingine tulizipoteza kwa kutojua. Nyumba ikikaa tupu miaka miwili au zaidi kabla ya kununuliwa, mkandarasi anaweza kukutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 badala ya 20 kwa kazi za ukarabati zinazofanywa ndani ya mwaka mmoja tangu uichukue, mradi uwe na ushahidi, kama vile barua ya halmashauri. Fundi wa chokaa ndiye aliyeniambia, akasahihisha ankara yake. Fundi wa madirisha nilikuwa nimeshamlipa, na hakupokea tena simu. Chokaa, mchanga na mbao nilizonunua mwenyewe nikidhani ninabana matumizi, nililipia asilimia 20 kamili, kwa kuwa punguzo hilo huwahusu mafundi wanaoleta vifaa pamoja na kazi.

Mama aliisimamia kazi kutoka dirishani kana kwamba yeye ndiye aliyeajiri. Alikubaliana na fundi juu ya magunia mabichi yaliyotundikwa kuukinga ukuta usikauke upesi, akamkatalia juu ya mchanga alioona ni laini mno, nami nikatafsiri nusu ya maneno na kuyaacha mengine. Jukwaa liliondolewa Septemba. Fundi alisema ukuta uliolowa hukauka kwa mwezi mmoja kila inchi, basi tuuache bila rangi kwa miezi tisa, na tusimwamini atakayetuambia vinginevyo. Viza ya Mama ilikwisha Oktoba.

Kuanzia hapo nilimtumia picha ya ukuta kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kutoka mahali palepale, na ile ramani ya rangi ya chai ilipungua polepole, ikabaki kisiwa, ikabaki kidole. Juni 2025 nilimtumia picha ya ukuta mweupe mtupu, na kitanda chake kikionekana kupitia mlango. Alichukua muda kujibu. Kisha simu ikalia, na bila hata salamu akauliza: "Na mlizamu, mwaka huu mmeusafisha kabla ya shakwe hawajarudi?"

Hatukuwa tumeusafisha. Mume wangu alikuwa tayari amekwenda kuazima ngazi kwa jirani wa maua, akarudi kuniambia ndege yuko juu ya kiota, ametulia, na anamtazama.